Geji au skrini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kujifunza kutafuta njia angani kwenye simuleta

Tukisema geji na skrini, tunazungumzia nini hasa?

Geji ni zile saa sita za mshale zilizo mbele ya rubani. Safu ya juu ina kasi, upeo bandia (unaoonyesha ndege imeinama vipi) na altimita. Safu ya chini ina geji ya kugeuka, geji ya uelekeo na ile ya kupanda na kushuka. Pembeni kuna redio za kutafutia njia: VOR (huonyesha uko kwenye mstari gani kutoka kituo cha redio cha ardhini), pengine na ADF (mshale unaoelekea kituo cha redio cha aina ya NDB) na DME (umbali hadi kituoni). Kila geji husema jambo moja tu, na kuyaunganisha hayo mambo ni kazi ya kichwa chako.

Kokpiti ya skrini, kama Garmin G1000 iliyoenea kwenye ndege ndogo kuanzia katikati ya miaka ya 2000, hukusanya yote kwenye skrini mbili. Ile ya rubani, PFD, hubeba upeo, kasi, kimo na uelekeo. Ya pili, MFD, hubeba ramani, hali ya injini na mpango wa safari. Hapa kompyuta imeshaunganisha kila kitu kabla hujatupa jicho.

Ndio kwanza naanza. Nianze na ipi?

Anza na geji. Wapo walimu wazuri wanaosema kinyume, na kwa mtu anayejiandaa kwa chuo chenye ndege za skrini tupu hoja yao ina uzito. Lakini kwa anayejifunzia nyumbani, bila mwalimu wa kumuuliza ghafla "sasa hivi uko wapi?", skrini ina hatari moja kubwa: hujibu swali hilo kabla hujajiuliza. Kaindege kadogo kako katikati ya ramani, mstari wa zambarau uko mbele yake, nawe unaufuata. Unaweza kuruka hivyo miezi mingi, ukatua salama kila mara, na bado usiweze kusema upepo unatoka upande gani.

Aliyeanza na geji akihamia kwenye skrini hujifunza vitufe tu. Aliyeanza na skrini akiwekwa mbele ya geji hulazimika kujifunza kufikiri upya, na wengi hukata tamaa hapo.

Mpangilio ninaoupendelea ni huu: safari fupi za mchana hali ya hewa ikiwa safi, kwa ramani, dira na saa, halafu VOR moja, halafu VOR mbili kwa pamoja, ndipo skrini. Na tafadhali, funga lile dirisha la ramani la simuleta. Kuruka na geji huku ramani inayokuonyesha ulipo iko wazi kwenye kompyuta ya pembeni si kuruka na geji.

Ndege mpya karibu zote zina skrini. Kwa nini nihangaike na mishale?

Kwa sababu skrini haimzuii mtu kupotea. Humpoteza kwa uhakika zaidi. Tarehe 20 Desemba 1995, Boeing 757 ya American Airlines, safari namba 965 kutoka Miami, ilikuwa inakaribia Cali, Kolombia, usiku, kwenye bonde lililozungukwa na milima. Marubani walitaka kwenda kwenye kituo cha redio kiitwacho Rozo, ambacho kwenye ramani zao kilikuwa na alama ya herufi R. Wakaingiza R kwenye kompyuta. Kumbe kwenye kanzidata ya kompyuta, R ya kwanza kwenye orodha ilikuwa kituo kingine, Romeo, karibu na Bogotá. Ndege ikageuka kushoto kwa utiifu kamili na kuelekea mashariki, kwenye milima. Walipogundua walikuwa wamechelewa. Kati ya watu 163 waliokuwemo, 159 walikufa.

Siisimulii ili kuikejeli kompyuta, maana ilifanya ilichoambiwa. Kilichokosekana ni picha ya kichwani inayoshtuka: mbona tunageuka kushoto wakati uwanja uko mbele?

Kwa ndege ndogo, bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani, NTSB, ilichapisha mwaka 2010 utafiti uliolinganisha ndege za skrini na za geji. Za skrini zilikuwa na ajali chache zaidi kwa jumla, ila kiwango chake cha ajali zenye vifo kilikuwa juu zaidi. Moja ya hoja za bodi ilikuwa mafunzo: rubani anatakiwa aijue mifumo hiyo kwa undani, pamoja na namna inavyoharibika.

VOR inanichanganya. Mshale unaniambia niko wapi, au niende wapi?

Unakuambia uko upande gani wa mstari uliouchagua. Basi. Haujui pua ya ndege imeelekea wapi, na kutojua hilo ndiko kunakochanganya wengi. Jaribu mwenyewe: weka masafa ya kituo kilicho mbali kidogo, weka mshale katikati, kisha geuza ndege mduara mzima. Mshale utabaki karibu palepale, hata ukipeana mgongo na kituo. Zoezi hilo la dakika mbili hufundisha kuliko video nyingi.

Sasa kujua ulipo. Masafa ya VOR yako kati ya 108.00 na 117.95 MHz. Ukishaweka, sikiliza herufi za Morse za kituo na uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye ramani. Usipofanya hivyo unaweza kuwa unafuata kituo kingine kabisa. Zungusha kitufe cha OBS, cha kuchagulia mstari, mpaka mshale ukae katikati na kidirisha kiandike FROM (kutoka kituoni; kinyume chake ni TO, kwenda kituoni). Tuseme namba iliyo juu ni 240. Uko kwenye radiali (mstari unaotoka kituoni) ya 240, yaani kusini-magharibi mwa kituo. Chora mstari huo kwenye ramani ukianzia kituoni, ukitumia duara la dira lililochapishwa hapo, ambalo tayari limepimwa kwa kaskazini ya sumaku. Rudia kwa kituo cha pili. Tuseme umepata 150. Mistari miwili inakatana kwa pembe mraba, na uko pale inapokatana. Mistari ikikatana kwa pembe nyembamba, kosa dogo la mshale hukupeleka mbali, hivyo tafuta kituo kingine.

Unapokifuata kituo, hakikisha namba uliyoweka inakaribiana na uelekeo wako. Ukiwa unakwenda kituoni huku umeweka mstari wa kutoka, mshale utakuambia kinyume: utaufuata kulia ilhali njia yako iko kushoto, na utazidi kupotea. Kwenye HSI (geji ya uelekeo yenye mshale wa njia ndani yake), iwe ya geji au ya skrini, tatizo hili hupungua kwa sababu picha nzima huzunguka na ndege.

Mshale wa VOR na ule wa GPS mbona unafanana? Si kitu kimoja?

Unafanana kwa sura tu. Wa VOR hupima pembe: ukigonga ukingoni umepotoka digrii 10 au zaidi. Kwa kuwa digrii 1 ni takriban maili 1 ya baharini ukiwa maili 60 kutoka kituoni, ukingo huo unamaanisha maili 10 hivi pale, lakini maili 1 tu ukiwa maili 6. Ndiyo maana mshale wa VOR huanza kuruka huku na huku unapokaribia kituo. Usiukimbize. Shika uelekeo wako, subiri TO igeuke FROM.

Wa GPS hupima umbali. Kwenye G1000 ukiwa njiani ukingo ni maili 2, karibu na uwanja ni maili 1, na katika hatua ya mwisho ya kukaribia kutua kwa GPS hushuka hadi maili 0.3. Kwa hiyo mshale unaweza kusogea ghafla ilhali ndege haijasogea: kipimo ndicho kilichobadilika. Mwanafunzi asiyejua hilo hugeuza ndege kwa nguvu bila sababu.

Nayo ILS (mwongozo wa redio wa kutua) ni pembe tena, tena nyembamba zaidi, kama digrii 2.5 kila upande.

NDB bado ina maana?

Kidogo. Vituo vyake vinazimwa kwa wingi duniani. Kichukulie kama zoezi la akili la wiki moja: uelekeo wako ukijumlisha na pembe ya mshale unapata mwelekeo wa kituo. Pua iko 040, mshale uko 090, kituo kiko 130. Ukiweza hesabu hiyo huku upepo unakusukuma, VOR itakuwa mchezo. Baada ya hapo songa mbele.

Nifanyeje hesabu ya upepo bila kompyuta?

Hapa ndipo geji zinapolipa. Gawa 60 kwa kasi yako ya hewani, zidisha kwa kasi ya upepo, na utapata digrii nyingi kabisa ambazo upepo unaweza kukusukuma. Ukiruka noti 120 (noti ni maili za baharini kwa saa), 60 kwa 120 ni nusu. Upepo wa noti 20 unakupeleka pembeni digrii 10 ukivuma ubavuni moja kwa moja. Ukivuma kwa pembe ya 30 kutoka mbele, chukua nusu yake. Kwa pembe ya 45, chukua robo tatu au pungufu kidogo. Kuanzia 60, hesabu wote. Elekeza pua upande unakotoka upepo kwa kiasi hicho.

Muda nao ni rahisi kwa kasi hizi: noti 120 ni maili 2 kwa dakika, noti 90 ni maili moja na nusu.

Na ukikuta umeshapotoka? Tuseme umekwenda maili 30, na kijito kilichotakiwa kuwa chini yako kiko maili 2 kushoto. Kila maili 1 katika 60 ni digrii 1, kwa hiyo maili 2 katika 30 ni digrii 4. Geuka kushoto digrii 4 na utakwenda sambamba na njia yako. Kama zimebaki maili 30 kufika, ongeza 4 nyingine, jumla 8, na utaangukia uwanjani. Skrini hukufanyia haya yote na kukuandikia mshale wa upepo pembeni. Ila ukiyajua, ule mshale mdogo unakuwa na maana.

Geji yangu ya uelekeo inahama polepole. Simuleta imeharibika?

Hapana, simuleta yako ni nzuri. Geji hiyo huendeshwa na jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi), na jairo huhama kwa msuguano na kwa mzunguko wa dunia. Marubani huilinganisha na dira ya sumaku kila baada ya dakika 15 hivi, ndege ikiwa imenyooka na kasi haibadiliki. Baadhi ya simuleta zina chaguo la kuizima tabia hii. Iache. G1000 haina usumbufu huo kwa sababu husoma sumaku ya dunia yenyewe kupitia kihisio chake na kujirekebisha.

Na dira ya sumaku mbona hucheza ovyo nikigeuka?

Haichezi ovyo, ina kanuni. Katika nusu ya kaskazini ya dunia, ukigeuka kuelekea kaskazini dira hubaki nyuma, hivyo unanyoosha mabawa kabla haijafika namba unayoitaka. Ukigeuka kuelekea kusini hukutangulia, hivyo unaiacha ipite kwanza. Kwenye nusu ya kusini mambo hugeuka, na karibu na ikweta ya sumaku kosa huwa dogo sana. Masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa kaskazini bila kulitaja hilo. Ukiruka kusini kwenye simuleta na kanuni "zikakataa", huenda umezikariri za upande mwingine.

Nimehamia kwenye G1000 na nimezama kwenye vitufe. Nishike nini kwanza?

Usijaribu kujifunza menyu zote. Kwa safari chache za mwanzo jifunze mambo manne tu: kubadilisha masafa, kwenda moja kwa moja kwenye pointi kwa kitufe cha herufi D yenye mshale, kuandika mpango wa safari, na kubadili chanzo cha HSI. Vifanye ndege ikiwa chini, injini imezimwa, mpaka vidole vizoee.

Halafu zingatia rangi. Mshale wa HSI ukiwa zambarau unafuata GPS. Ukiwa kijani unafuata VOR au ILS. Kabla ya kubonyeza chochote kwenye otopailoti, sema rangi kwa sauti. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini sijaona tabia nyingine inayookoa safari nyingi za simuleta kama hii.

Jambo la tatu ni ile mistari midogo ya zambarau kando ya kasi na kimo. Hukuonyesha utakuwa wapi sekunde 6 zijazo ukiendelea hivyo hivyo. Geji hazina kitu kama hicho, na hapo skrini inazishinda.

Otopailoti yangu ilipita mstari wa kutua kana kwamba ILS haipo. Kwa nini?

Mara nyingi kabisa HSI ilikuwa bado zambarau. Masafa ya ILS umeweka, hata Morse umeisikia, lakini otopailoti inafuata chanzo kilichoko kwenye HSI, nacho ni GPS. G1000 inaweza kubadili yenyewe, ila kwa masharti: njia ya kukaribia iwe imepakiwa na kuamilishwa, na masafa sahihi yawe kwenye redio. Ukiwa umeongozwa na mwongozaji wa anga au umeingia kwa pembe isiyo ya kawaida, badili mwenyewe kwa kitufe cha CDI, uone kijani, ndipo ubonyeze APR (kitufe cha otopailoti cha kukaribia kutua). Sababu nyingine ni kubonyeza NAV (cha kufuata njia tu) badala ya APR: ndege itashika mstari wa njia lakini haitashuka.

Nifanyeje mazoezi ya kuharibikiwa?

Hapa simuleta haina mpinzani, kwa sababu unaweza kuharibu chochote bila gharama wala hatari.

Kwenye ndege ya geji, ua pampu ya vakyumu, inayoendesha upeo bandia na geji ya uelekeo. Hakuna kengele wala taa kubwa: upeo bandia utaanza kuinama taratibu na kukudanganya, nawe ukiufuata utaingiza ndege kwenye mzunguko. Geji ya kugeuka kwa kawaida huendeshwa kwa umeme, kwa hiyo bado inasema kweli. Funika zile mbili mbovu kwa kipande cha karatasi kwenye skrini ya kompyuta na uendelee.

Kwenye G1000, zima PFD. Bonyeza kitufe chekundu kilicho kati ya skrini mbili, na vipimo vya kuruka vitahamia MFD. Kisha ua AHRS (kifaa kinachopima mwinamo na uelekeo wa ndege): upeo utafutika na X nyekundu itachorwa, nawe utahamia kwenye geji ndogo za akiba. Zipo kwa sababu hiyo. Zoezi gumu zaidi ni kuziba bomba la pitot, linalopokea hewa ya mbele ili kupima kasi. Hapo hutaona X yoyote, maana kompyuta haijui kuwa inalishwa uongo. Bomba likiziba kabisa, kasi itapanda kadiri unavyopanda juu, na itashuka unaposhuka.

Mwisho ondoa GPS. Si jambo la kubuni: kuvurugwa na kughushiwa kwa mawimbi ya setilaiti kumeripotiwa sana maeneo kama mashariki mwa Mediterania na Baltiki. G1000 ikipoteza setilaiti njiani, huendelea kukadiria ulipo kwa uelekeo, kasi na muda tangu ilipojua mahali mara ya mwisho. Ni hesabu zilezile ulizofanya kwa ramani na saa, na ubora wake huzidi kupungua kadiri dakika zinavyokwenda. Tafuta VOR.

Simuleta gani inafaa?

Yoyote uliyo nayo, mradi ina Cessna 172. X-Plane 12 huja na ya geji na ya G1000, jambo linalorahisisha kulinganisha. FlightGear ni ya bure na 172 yake ya kawaida ni ya geji. Microsoft Flight Simulator ina mandhari bora zaidi kwa kutafuta njia kwa macho, na kwa safari za ramani hilo ni muhimu kuliko uhalisia wa injini.

Kituo kiko kwenye ramani yangu, ila kwenye simuleta hakisikiki. Nani anakosea?

Pengine hakuna. Data za urambazaji wa anga hubadilishwa kila siku 28, na nchi nyingi zinapunguza VOR. Marekani kwa mfano inabakiza mtandao mdogo wa akiba kwa ajili ya siku GPS ikikatika. Ramani mpya na simuleta ya zamani hazitakubaliana. Chagua ramani na data za kipindi kimoja. Kumbuka pia kwamba VOR haipiti mlima: panda juu kidogo kabla ya kulalamika.

Masaa ya nyumbani yanahesabiwa kwenye leseni?

Hapana. Yanayohesabiwa, tena kwa kiwango maalumu, ni ya vifaa vilivyoidhinishwa na mamlaka ya anga, mwalimu akiwepo kwa namna kanuni zinavyotaka.

Nitajuaje kwamba niko tayari kuacha geji na kuhamia skrini moja kwa moja?

Fanya jaribio hili. Mwombe mtu akuweke angani mahali usipopajua, kimo cha futi 5,000, mawingu chini yako, ramani ya simuleta imefungwa, mafuta ya saa moja na nusu. Jipe dakika tano kusema uko wapi kwa VOR mbili, kisha chagua uwanja, kadiria upepo na muda wa kufika, na uanze safari. Ukifika ndani ya dakika mbili za muda uliokadiria, hamia. Ukishazoea skrini, rudia jaribio lilelile ukiwa na G1000, ila safari hii mwambie huyo mtu azime GPS wakati wowote atakapopenda bila kukuarifu.